Mambo Mazito Mbele ya Wenyewe

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Namanga, akishaviacha nyuma viwanda vya saruji vya Athi River, hujikuta Kitengela kabla hajatambua kwamba ametoka mjini. Kwa maana nyika ile ambayo wazee walio hai hata leo waliijua ikiwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai na mapito ya nyumbu watokao Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, sasa imejaa maghorofa ya kupangisha, makanisa, misikiti, maduka ya mabati na misumari, na mabango ya mawakala wa ploti. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliikuta kaunti nzima ya Kajiado ina watu 687,312. Ile ya mwaka 2019 ikawakuta 1,117,840. Ongezeko la kadiri hiyo katika muda wa miaka kumi haliwezi kuwa la uzazi peke yake. Ni la wageni, Wakikuyu na Wakamba, Waluhya na Wakisii, Waluo na Wasomali, walionunua robo ekari au kupanga chumba karibu na kazi. Na watoto wa wageni hao, pamoja na watoto wa wenyeji walioiuza ardhi hiyohiyo, leo wamekua, wakamaliza sekondari, na kuketi bega kwa bega katika vyumba vya mihadhara.

Vyuo vyenyewe si haba. The East African University iko Kitengela. Chuo Kikuu cha Umma, kilichoasisiwa na Waislamu, kiko Kajiado. Africa Nazarene iko upande wa Ongata Rongai. Na Daystar, ijapokuwa kampasi yake ya Athi River imo katika kaunti ya Machakos, haiko mbali kiasi cha kuhesabiwa ya ugenini. Elimu ya jamii, ambayo wasomi huiita sosholojia, pengine husomwa vyuoni ikiwa shahada kamili, na aghalabu hupachikwa ndani ya mafunzo ya ualimu, ya maendeleo, ya uuguzi au ya ushauri nasaha, hata mwanafunzi ambaye hakuiomba kamwe akajikuta akiisoma kwa muhula mmoja au miwili. Huchungua jinsi watu wanavyoishi pamoja: nani humtawala nani, nani hurithi na nani hukosa, kwa nini ukoo huu hupanda na ule hushuka. Si elimu ya jana. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika Muqaddima mwaka 1377 akieleza jinsi asabia, ile nguvu ya nasaba inayowafanya watu wa jangwani wawe kitu kimoja, inavyoinua dola, na jinsi raha za mjini zinavyoilegeza mpaka dola ikaangukia mikononi mwa wengine. Na Mmarekani C. Wright Mills, katika kitabu chake cha mwaka 1959, alisema kazi ya elimu hii ni kumwonyesha mtu jinsi taabu yake ya faraghani ilivyofungamana na mambo ya umma. Mzee mmoja wa Kajiado akiuza shamba lake lote na kufa maskini, majirani watasema alikuwa mlevi; mamia wakiuza katika kizazi kimoja, hapana budi kuiuliza sheria, soko na historia.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mwalimu wa elimu ya nyota akisema neno baya juu ya Zohali, Zohali haina jamaa darasani wa kuudhika. Lakini mwalimu wa elimu ya jamii, afunguapo kinywa kutaja ardhi, au ukeketaji, au kabila, au kujiua, au polisi, hunena mbele ya wenyewe. Katika darasa la Kitengela, mjukuu wa aliyeuza na mwana wa aliyenunua huazimana kalamu. Msichana aliyekeketwa na msichana aliyekimbia nyumbani ili asikeketwe huenda wameketi safu moja bila kujuana, na nyuma yao yuko kijana ambaye mama yake anaamini kwa dhati kwamba binti asiyepitishwa mila hiyo si mke wa mtu. Vitabu vingi vya kufundishia, vilivyoandikwa Marekani na Uingereza, humshauri mwalimu namna ya kuyaleta mambo ya mbali yawe karibu na fahamu ya mwanafunzi. Huku kwetu kazi ni kinyume chake: jambo limekwisha kuwa karibu mno, na fundi wa kufundisha ni yule ajuaye kulisogeza mbali kidogo, kadiri ya kutosha kulitazama, pasipo kulipeleka mbali hata likapotea.

Walimu wengi, tuseme kweli, hulipoteza. Mhadhiri mwenye darasa la watu mia na zaidi, alipwaye kwa kipindi, ambaye hajui kama muhula ujao ataitwa tena, huona ni salama zaidi kusoma maana ya ukabila kwa Kiingereza cha vitabu, wanafunzi wakainukuu neno kwa neno, wakaitapika siku ya mtihani, kisha kila mmoja akarudi kwake na chuki zake zikiwa nzima kama alivyokuja nazo. Sitaki kumlaumu kupita kiasi, kwani anayo hofu, na hofu yake ina sababu. Hata hivyo ipo dhuluma nyingine, iliyo mbaya kuliko hii, ambayo hufanywa na mwalimu hodari mwenye nia njema: naye ni yule ambaye, akifika kwenye somo la ndoa za utotoni au la wafugaji, humgeukia mwanafunzi mwenye jina la Kimaasai na kumwambia, mbele ya wote, «Hebu tuambie, kwenu mnafanyaje?» Kijana huyo alikuja kusoma, sasa amegeuzwa shahidi, tena shahidi wa kaumu nzima, aliyeitwa pasipo notisi wala wakili. Akiitetea mila, ataonekana mshenzi. Akiilaani, amewauza wazazi wake kwa wageni. Akinyamaza, mwalimu ataandika kwamba hashiriki darasani.

Basi dawa ya mambo mazito, kwa rai yangu, ni kulitangulizia jambo kimo chake, yaani tarehe zake, sheria zake na hesabu zake, kabla ya kumtaka mtu yeyote aeleze la moyoni. Na asiyetaka kueleza asiulizwe abadani.

Tuchukue ardhi. Mabishano ya ardhi darasani, yakiachwa yaanze yenyewe, huanza kwa matusi mawili yajulikanayo sana Kajiado: kwamba wageni ni wanyang'anyi, na kwamba wenyeji ni wavivu waliouza urithi wao wakanunua pikipiki. Matusi hayo hayajibiki, maana hayana tarehe. Lakini mwalimu na aanzie mwaka 1904, pale Wamaasai walipotiwa katika mkataba na serikali ya Kiingereza uliowaondoa katika malisho bora ya Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini, kwa ahadi kwamba hawatahamishwa tena. Kisha mwaka 1911, ahadi ikiwa haijatimiza hata miaka kumi, mkataba wa pili ukawang'oa Laikipia ili walowezi wapate nafasi. Kisha mwaka 1913, Mmaasai Ole Njogo na wenzake walipokwenda mahakamani, mahakama ikakataa kuisikiliza kesi yao kwa hoja ya kustaajabisha, kwamba mikataba ile ni ya dola na dola, na kwa hiyo mahakama ya nchi haina mamlaka juu yake. Hapo mwana wa mnunuzi na mjukuu wa muuzaji huona wote wawili kwamba ugomvi wao una babu ambaye hakuwa wa kabila la yeyote kati yao.

Na mwalimu asikome hapo, kwani kukoma penye Mwingereza ni starehe ambayo wengi wetu tumeizoea. Waraka wa Serikali namba 10 wa mwaka 1965, ulioeleza ujamaa wa Kiafrika kwa namna Kenya ilivyotaka kuufuata, ulishauri fedha za maendeleo zitiwe kwanza mahali zitakapozaa upesi, yaani penye mvua, udongo mzuri na barabara. Na nchi ya wafugaji, kwa kipimo hicho, ilibaki ikingoja. Waraka huohuo ulisema mgawanyiko mkali wa matabaka uliojulikana Ulaya hauna mfano wake katika jamii ya Kiafrika. Wanafunzi wa Kitengela, ambao baadhi yao mama zao hushona nguo za kuuzwa nje katika viwanda vya EPZ vilivyoko Athi River, na wengine huletwa chuoni kwa gari la nyumbani, hulisoma dai hilo kwa tabasamu. Mwaka 1968 ikatungwa sheria ya ranchi za jumuiya, ambayo kwayo ardhi ya Wamaasai iliandikishwa kwa majina ya vikundi. Na mwaka 1988 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapewa hati yake. Tangu hapo ndipo kuuza kulipowezekana kwa sahihi ya mtu mmoja, ambaye takriban kila mara alikuwa mwanamume, na ada za shule, ukame na madeni vikafanya mengine. Wapo waliofanya hesabu nyingine: kuanzia mwaka 2000 ulikuwapo mpango wa kuwalipa wenye ardhi ya Kitengela takriban dola nne kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke nyua, wanyama wa mbuga wapate kupita. Mwalimu mwenye akili huliweka jambo hilo mezani na kuuliza: ekari moja jirani na mji unaokua huleta nini ikiuzwa, na dola nne zinashindana na nini? Mjadala ukifika hapo, uvivu na unyang'anyi hausemwi tena, si kwa sababu mwalimu ameukataza, bali kwa sababu umekuwa hauna kazi.

Ukeketaji ni mzito zaidi, kwa kuwa ardhi ya mtu iko nje ya mwili wake.

Hapa pia kimo ni jambo la kwanza. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 1998, wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa wamekeketwa walikuwa asilimia 38. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 21, na mwaka 2022 asilimia 15. Lakini wastani wa nchi huficha zaidi ya unavyoonyesha: kwa Wamaasai, hesabu ya mwaka 2014 ilikuwa karibu asilimia 78, kwa Wakisii asilimia 84, na kwa Wasomali zaidi ya asilimia 90. Yatajwe makabila yote matatu kwa pamoja, maana mhadhiri wa Kajiado atajaye Wamaasai peke yao amekwisha kuchagua mshtakiwa. Tena iko historia ambayo wanafunzi wengi huwa hawajaisikia. Mwaka 1929 wamishonari wa Kiskoti na wa Africa Inland Mission waliwataka waumini wa Kikuyu wailaani mila hiyo hadharani, na maelfu, badala ya kulaani, wakayaacha makanisa na kuanzisha shule zao wenyewe. Jomo Kenyatta, aliyesoma elimu ya mila London kwa Bronisław Malinowski, akaitetea katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938. Mwaka 1956 baraza la wazee wa Meru lilipoipiga marufuku mila hiyo, wasichana walichukua nyembe wakajikeketa wenyewe kwa ukaidi, habari ambayo mwanahistoria Lynn Thomas ameieleza kwa kirefu. Na si mambo ya kale tu: Juni 2014 wanawake wa Kimaasai waliandamana Enkorika, humuhumu Kajiado, wakiipinga sheria ya mwaka 2011 inayokataza ukeketaji na wakitaka waliokamatwa wafunguliwe.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba ukeketaji ni ujinga wa wanaume wakatili hatakuwa na la kusema juu ya akina mama wa Enkorika. Ndiyo sababu mwalimu hana ruhusa ya kuwaacha nje ya somo, japokuwa yeye binafsi, kama mimi, haamini kwamba mila hiyo inafaa kuishi hata siku moja zaidi. Kueleza sababu ya jambo si kulihalalisha, na darasa lisilotenganisha hayo mawili halijaanza kusoma elimu ya jamii. Kutenganisha huko ni kugumu kwa aliyeumizwa. Hasha, hatuwezi kumtaka msichana aliyeshikwa na shangazi zake alfajiri aketi mustarehe akichambua faida ambazo shangazi walidhani zimo. Kwa hiyo, kabla ya kipindi, mwalimu hutangaza: wiki ijayo tutasoma jambo fulani, kwa urefu fulani, atakayependa kulisoma kwake na kuniandikia badala ya kuhudhuria, na afanye hivyo, wala sitamuuliza sababu. Vyuo vya Marekani vimegombana miaka mingi juu ya tahadhari za namna hii, wengine wakisema zinawadekeza vijana. Sisi wa pwani hatuna la kugombania: mtu wa adabu hasemi lisemwalo kwa taabu pasipo kutanguliza ashakum si matusi, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba ashakum humdekeza asikiaye. Humpa nafasi ya kujiweka sawa, basi.

Kwa Wamaasai nako iko heshima waiitayo enkanyit, ambayo kwayo mdogo hajitutumui mbele ya mkubwa, na yako mambo yasiyosemwa mbele ya kila mtu. Kijana aliyelelewa hivyo akiketi kimya pale mhadhiri wa umri wa baba yake anaposema mambo ya tohara ya wanawake mbele ya wavulana, ukimya wake si ujinga wala uoga. Mwenye kutaka maoni yake atafute mlango mwingine: karatasi ndogo zisizo na majina zilizokusanywa wiki moja na kusomwa na mwalimu wiki ya pili, baada ya kuchujwa, vikundi vya wasichana na vya wavulana mbalimbali, au, lililo bora kuliko yote, hukumu ya mahakama. Mwaka 2017 daktari Tatu Kamau aliifikisha mahakamani sheria ya mwaka 2011, akidai kwamba inamnyima mwanamke mtu mzima haki ya kuamua juu ya mwili wake na utamaduni wake. Machi 2021 Mahakama Kuu ikalikataa ombi lake. Katika hukumu hiyo hoja za pande zote zimo, zimepangwa na watu waliolipwa kuzipanga vizuri. Mwanafunzi aombwe azipime hizo. Hapo anaweza kusema hoja kali ya upande wowote pasipo mtu kujua nyumbani kwao hufanyikaje, na aliyekuwa karibu kugeuzwa shahidi anapandishwa kuwa kadhi.

Kabila, nashangaa, ni jepesi zaidi kufundisha kuliko watu wanavyodhani, ingawa ni jepesi vilevile kuharibu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwaua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza, na wanafunzi wa leo walikuwa watoto wadogo au hawajazaliwa. Wanachokijua wamekisikia mezani, kila mmoja kwa meza ya kwao. Waacheni walete waliyoyasikia kama masimulizi, kisha wayafananishe. Na mara nyingi Ibn Khaldun hufaa hapa kuliko waandishi wa kisasa, kwa sababu hamtaji yeyote wa Kenya, na kwa sababu Waislamu wa Umma na Wakristo wa vyuo vingine wote hupata kwake msamiati usiowatukana.

Kujiua sharti kufundishwe, maana kitabu cha Émile Durkheim cha mwaka 1897, kimojawapo cha misingi ya elimu hii, hakina jambo jingine. Durkheim alionyesha kwamba tendo linaloonekana la siri kuliko yote lina idadi zake za kudumu, zinazopanda na kushuka kadiri watu walivyofungamana na familia, dini na kazi. Lakini katika darasa la watu mia si ajabu akawamo aliyefiwa hivyo, na katika nchi ambayo kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangua Januari 2025, waliofiwa wamezoea kusema marehemu aliugua ghafla. Mwalimu hufundisha idadi na maana yake, haelezi namna ya kufa, na hulitaja jina la mshauri wa chuo na mlango wake ulipo. Zaidi ya hapo sioni haja ya maneno mengi.

Yako mazito ambayo uzito wake humwangukia mwalimu mwenyewe. Katama Mkangi, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa riwaya zake Ukiwa, Mafuta na Walenisi, alikuwa mwalimu wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na uchunguzi wake juu ya ardhi na uzazi miongoni mwa Wataita ulichapishwa mwaka 1983. Mwaka 1986, serikali ilipokuwa ikiwasaka waliodhaniwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri la wapinzani wake, alitiwa kizuizini pasipo kushtakiwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 33, sasa inaitaja kwa jina haki ya uhuru wa kitaaluma. Hata hivyo mhadhiri wa Kitengela afundishaye juu ya dola na nguvu zake hafundishi historia ya wahenga. Agosti 2024 vijana watatu walitekwa katika mji huohuo, baada ya miezi ya maandamano, wakaachiliwa mwezi uliofuata. Na kesi ya kutafutwa kwao ilifika mahali ambapo Mahakama Kuu ilimhukumu kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi kifungo cha miezi sita kwa kuudharau wito wake, hukumu iliyoondolewa alipofika na kuomba radhi. Je, lifundishwe hilo? Nasema lifundishwe, kwa kumbukumbu za mahakama, tarehe baada ya tarehe, na mtoto wa polisi aliyeketi darasani asiulizwe baba yake anasemaje.

Hubaki swali la alama. Mwanafunzi akiandika insha ya kuutetea ukeketaji, akazitaja hesabu zilizo sahihi, akazieleza hoja za wapinzani wake kwa insafu na kisha akazikataa, apewe ngapi? Nimewasikia walimu wakisema sifuri. Mimi ningempa zake anazostahili, na pembeni ningemwandikia kwa wino mwekundu mahali hoja ilipopasuka. Na mwenzake aliyeulaani ukeketaji kwa kurasa nne pasipo hata tarehe moja ningempa chache, ijapokuwa naafikiana naye. Ubaya ni kwamba karatasi za mitihani huzunguka kwa wasahihishaji wa nje, na si kila mmoja wao ana kipimo hicho, kwa hiyo wanafunzi werevu huandika wanalodhani linatakiwa. Hili sina dawa yake.

Na hatimaye kuna utafiti wa mwisho wa masomo, ambao humtoa mwanafunzi darasani na kumpeleka manyattani na mitaani akiwa na daftari. Vibali vya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kila fomu ya ridhaa husema kwamba atakayoyasema mhojiwa yatakuwa siri. Wanafunzi huirudia sentensi hiyo kwa wepesi wa ajabu. Lakini sheria ya mwaka 2011, katika kifungu chake cha 24, humhesabu kuwa mhalifu mtu ajuaye kwamba ukeketaji umefanyika, unafanyika au umekusudiwa kufanyika, asitoe habari kwa maafisa wa sheria. Na adhabu ya makosa ya sheria hiyo si chini ya miaka mitatu gerezani au faini isiyopungua shilingi 200,000. Tuseme mwanafunzi, msichana wa miaka 21, amekunywa chai ya mwenyeji wake kule upande wa Mashuuru, ameahidi siri, na mama wa nyumba anamwambia kwa uaminifu kwamba mdogo wa mwisho atatahiriwa shule zikifungwa Desemba. Mwalimu aliyemtuma bila kumwambia habari ya kifungu hicho amewatega wote wawili, mwanafunzi na mama. Yampasa amweleze kabla hajapanda matatu, na fomu iandikwe upya, kwa Kiswahili au kwa Kimaa, iseme waziwazi: yote utakayoniambia nitayaficha, isipokuwa mtoto atakayeumizwa, hilo sitaweza kulificha, basi ukipenda usiniambie. Huenda wahojiwa wachache zaidi watakubali, na tasnifu itakuwa nyembamba kwa kurasa kadhaa.